Kiti Kimoja

Mtoto wa kwanza wa Fundi alipewa jina la kazi kabla hajaota meno. Majirani walipokuja kumpongeza mzazi walimkuta Fundi amesimama mlangoni na kichanga mikononi, bado ananuka dizeli, akawaambia, "Karibuni mumwone Dereva." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mtoto alikuwa na jina lingine, la kwenye cheti, lakini tangu siku ile halikupata nafasi.

Fundi mwenyewe aliwahi kuitaka kazi hiyo. Ujanani aliajiriwa na timu ya mbio za magari, akidhani kwamba anayeshika spana leo, kesho atashika usukani. Alibadilisha tairi, akasukuma magari, akawafungia mikanda vijana waliokuwa wadogo kwake, na hakuna siku aliyoambiwa, haya, panda na wewe tukuone. Akarudi kwao, akafungua gereji nyuma ya nyumba, na donda lile akalifunika. Lilikuwa limefunikwa tu, halikuwa limepona.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na ukuta kati ya chumba hicho na gereji ulikuwa mwembamba, hata mteja aliyekuwa akipimwa gauni alisikia kila tusi lililotupiwa boliti iliyogoma. Mama Dereva aliwatuliza: "Msijali, si nyinyi mnaotukanwa."

Mtoto wa pili akawa msichana. Alianza kusema mapema na baada ya hapo hakunyamaza, kwa hiyo wakamwita Chiriku. Huyu baba yake hakumpangia kazi. Alimpenda, alimbeba mabegani, alimruhusu kuchezea nati na washa kwenye sinia la mafuta machafu, lakini alipozungumza juu ya kesho, alizungumza akimtazama Dereva.

Dereva alipokua kiasi cha miguu yake kufikia kanyagio, baba yake alimuundia gokati, kile kigari kisicho na paa wala milango ambacho dereva wake hukaa lami ikiwa chini tu ya makalio. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyogongwa, fremu akaichomelea mwenyewe. Upande wa pili wa mji palikuwa na uwanja wa gokati kwenye eneo la kiwanda cha nguo kilichofungwa. Kona zake zilipita katikati ya maghala, na ukutani bado ilisomeka ilani ya kukataza sigara. Kila Jumamosi walipakia kigari kwenye pikapu wakaenda, mvua au jua.

Dereva hakuwa mtoto wa kusukumwa. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake. Mezani alikuwa akishika sahani kwa mikono miwili, anafumba macho, anaipitia kona moja baada ya nyingine, mpaka mama yake amwambie, "Mwanangu, fika basi, chakula kinapoa." Aliendesha kwa usafi. Breki alizishika mahali pale pale kila mzunguko, usukani aliugeuza kama mtu anayefunua shuka juu ya mgonjwa. Akaanza kushinda. Vikombe vikapangwa juu ya friji, na kila friji ilipowaka viligongana vikalia.

Alikuwa na udhaifu mmoja, na Fundi aliuona. Akiwa peke yake mbele, hakuwa na mfano. Lakini mtu akimsogelea kwa nyuma, shingo inakakamaa, anaanza kugeuka kutazama, na kona zinamponyoka. Fundi akatafuta dawa. Aliunda kigari cha pili kwa mabaki: tairi zilizochakaa za Dereva, kiti kilichopasuka kilichozungushiwa utepe, injini iliyokohoa. Akampakia Chiriku.

"Kazi yako ni kumsumbua," alimwambia. "Mkaribie, mtie presha, ahisi uko nyuma yake kila kona. Lakini usimpite. Umesikia?"

"Hata akikosea?"

"Hata akikosea."

"Hata akisimama kabisa?"

"Chiriku."

"Nimesikia, Baba."

Basi msichana akakua akitazama kisogo cha kaka yake. Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka kwa mwaka, alikaa pale nyuma, karibu kiasi cha kuona uzi uliochomoza kwenye kola ya ovaroli ambayo mama yao alikuwa ameishona. Kumfuata mtu kwa tairi mbovu, usiachwe na usimgonge, ni kazi ngumu kuliko kukimbia peke yako. Pale uwanjani hakuna aliyelisema hilo. Dereva alizoea kufuatwa, shingo ikalegea, vikombe vikaongezeka, na Fundi akasema dawa imemkubali.

Na hao wawili walipendana. Ilitokea siku Chiriku amepewa helmeti kuukuu inayocheza kichwani kama sufuria juu ya jiwe. Dereva aliivua kichwani mwa mdogo wake, akaichungulia ndani, kisha akaenda kukaa juu ya tairi.

"Baba, akikosa helmeti nzuri, mimi sipandi."

"Inuka, tunapoteza muda."

"Sipandi."

Fundi alifoka, akazunguka, akarudi akamkuta bado amekaa. Jumamosi iliyofuata Chiriku alikuwa na helmeti mpya. Wakati wa kurudi nyumbani wale watoto walilala nyuma ya pikapu kati ya tairi, wakitazama nyaya za umeme zinavyopita juu yao.

"Nikiingia timu kubwa," Dereva alikuwa akisema, "wewe utakuwa meneja wangu. Mdomo unao."

"Na mshahara?"

"Utakula kwangu."

"Mimi nakula sana."

"Nakujua."

Dereva akapanda, kutoka gokati hadi magari madogo ya daraja la chini, ambayo Fundi aliyatengeneza kwa mikono yake na kwa msaada wa wateja waliompenda kijana. Hakushinda kila mara sasa, maana huku juu kila mtu alikuwa bingwa wa kwao. Lakini alikuwa wa pili, wa tatu, tena wa pili, na jina lake likaanza kutajwa. Chiriku aliambatana nao. Alipiga pampu, alisoma saa ya kupimia mizunguko, na gari likiwa na tatizo alipanda yeye kulizungusha, ili Fundi asimame kando ya njia, kwenye ukuta, asikilize injini kwa masikio yote mawili.

Ndivyo Mkufunzi alivyomwona. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kushindana mpaka alipovunjika mguu, na sasa alizunguka kutafuta vipaji kwa ajili ya timu moja kubwa. Alitembea kwa kuchechemea na hakupenda maneno mengi. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa ajili ya Dereva, akamtazama, akaandika anayoyaandika. Kisha Dereva akaingia akisema gari linatetemeka, Fundi akampandisha Chiriku kama kawaida, na Mkufunzi, aliyekuwa amekwisha kugeuka aende zake, akasimama. Akarudi hadi kwenye uzio. Akakaa pale mpaka gari lilipozimwa.

"Na huyu?"

"Mdogo wake," alisema Fundi. "Anatupimia gari tu."

"Kijana namtaka kwenye majaribio. Na huyu aje."

Fundi akacheka kama mtu aliyepewa nyongeza ambayo hakuiomba. "Sawa, Madam. Atakuja kumpasha mwenzake moto."

Majaribio yalifanyika kwenye uwanja wa ile timu, mbali na kwao. Vijana walitoka kila upande, wengine na makocha wao, wengine na begi tu. Walikimbizwa, walifungwa vyuma kichwani kupimwa nguvu ya shingo, waliketishwa mbele ya wataalamu wakaulizwa wanahisi nini gari linapoteleza. Halafu wakapandishwa kwenye gari lenyewe, la kiti kimoja, magurudumu nje, pua chini kama inayonusa lami. Kila jioni mtu mmoja aliitwa pembeni, na asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Tuzo ilikuwa nafasi moja ya kuingia timu na kulipwa kwa kazi hiyo. Wengi pale walikuwa wameiota maisha yao yote.

Mwishowe wakabaki wawili, na hao wawili walitoka tumbo moja.

Fundi, ambaye aliruhusiwa kukaa nje ya uzio na wazazi wengine, hakuweza kutulia kwa furaha. Alimwambia mlinzi, alimwambia mpishi, alimpigia simu mkewe: "Kiti kimeshaingia nyumbani, Mama Dereva. Kimeshaingia." Kwake yeye hesabu ilikuwa imekwisha. Dereva angepata, na Chiriku alikuwa amemsindikiza hadi mlangoni, kama siku zote.

Asubuhi ya mwisho ndugu wawili walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Palinuka dawa ya kuchua misuli na jasho la watu walioondoka. Dereva alikuwa akihangaika na zipu ya ovaroli. Chiriku akamsogelea, akamfungia hadi shingoni.

"Chiriku."

"Naam."

"Umri wangu wa kuingia hapa unaishia mwaka huu."

"Najua."

"Wewe una miaka mbele. Mwakani watakuita tena, tena sasa wamekuona." Alitazama kiatu chake. "Sijawahi kukuomba kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa kutoa. Chiriku alitafuta moyoni siku hata moja ambayo kaka yake alimwomba kitu, asiipate.

"Niachie, mdogo wangu. Usiharibu gari, usijiaibishe. Kaa nyuma yangu kidogo tu, kama kule kwetu."

Chiriku, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alikuwa na mawili.

"Sawa, kaka."

Na alimaanisha. Wapo watu waliokuja kusema baadaye kwamba alimdanganya, kwamba alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kisu. Haikuwa hivyo. Alitoka mle chumbani ameshaamua, moyo mwepesi hata, kama mtu aliyepata nafasi ya kulipa wema.

Kila mmoja angeendesha peke yake, akipimwa kwa saa. Dereva akaanza. Aliendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha maishani. Hakukosea popote. Kona zote alizipita kwa ule usafi wake, mzunguko baada ya mzunguko, na Fundi alishika uzio kwa vidole vyote huku midomo ikimcheza. Aliposhuka, nywele zimelowa, alimtazama Chiriku akamwashiria kwa kichwa. Haya, zamu yako.

Chiriku akafungwa mikanda. Mizunguko ya mwanzo aliitimiza ahadi. Alishika breki mapema, akakanyaga mafuta kwa kuchelewa, akawa anaimba ndani ya helmeti wimbo usio na maana ili mawazo yasije. Mkufunzi alisimama ukutani na mikono nyuma.

Kisha akatoka kwenye kona iliyopanda kilima, akaiona barabara iliyonyooka mbele yake, na haikuwa na mtu.

Tangu utotoni hakuwahi kuiona hivyo. Palikuwa na kisogo mbele yake siku zote, kola, uzi uliochomoza. Hata alipopima gari peke yake, hata majaribioni siku zilizotangulia, alikuwa akimwona kaka yake kichwani mwake na kumfuata. Sasa hakuwepo. Ilikuwa lami, na jua juu ya lami, na gari lililomtaka aende. Kona ndefu ilikuja mbio, ile ambayo alikuwa amepanga kuachia mafuta kabla yake, na akajiambia kwa sauti, "Sasa. Achia sasa." Mguu ukakataa.

Angeweza kusema ni kona moja tu. Zilikuwepo nyingine baada yake, nyingi, na kila moja ilikuwa nafasi ya kurudi kwenye neno lake. Hakuachia hata moja. Alichelewa kwenye breki hadi watu ukutani wakashika vichwa, aliliacha gari lilalie upande kisha akalidaka, alikata ukingo kwa karibu sana hata vumbi likaruka. Na jambo ambalo hakulisema kwa mtu yeyote kwa muda mrefu ni kwamba alikuwa na furaha. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile kabla yake, na kaka yake alikuwa amesimama pale pale akimtazama.

Alipozima injini alikumbuka. Alibaki ndani ya gari, mikono juu ya usukani, mpaka fundi wa timu alipomgonga helmeti kumuuliza kama anaumwa.

Mkufunzi hakuzungusha maneno. Aliwaita wote wawili kwenye ofisi yenye meza ndefu na feni inayolia, akamwambia Dereva, "Umeendesha vizuri sana. Kuna watu wanalipwa kwa kazi hii hawaendeshi kama ulivyoendesha leo." Dereva alikuwa ameshaelewa, mtu hasifiwi hivyo kwanza kama habari ni njema. "Lakini kiti ni kimoja. Tunamchukua mdogo wako."

Dereva alisimama, akampa Chiriku mkono mbele ya kila mtu. "Hongera." Mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji. Akatoka.

Fundi, alipoambiwa, alisema kuna makosa. Alisema tairi za binti zilikuwa mpya zaidi, akaambiwa zilikuwa sawa. Akasema jua lilikuwa limepungua, akaambiwa mzee, jua lilikuwa lile lile. Mwisho akamgeukia Chiriku mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Mbona umempita?"

Chiriku akaenda kuchukua begi lake.

Walirudi kwa pikapu, watatu kwenye kiti kimoja, Chiriku katikati, na safari nzima hakuna aliyegusa redio. Dereva aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Kila pikapu ilipotikisika kichwa chake kiligonga kioo, na hakukiondoa. Mama Dereva aliwasikia wakiingia, akatoka mbio na sindano bado imechomekwa kwenye blauzi.

"Nani?" aliuliza. "Nani kapata?"

"Huyu," alisema Fundi, akionyesha kwa kidevu, kisha akapita ndani.

Mama alianza kucheka, akamshika binti yake kwa mashavu mawili. Halafu akamwona mwanawe akishuka upande wa pili, na kicheko kikakatika. Alisimama kati yao, mkono mmoja hapa, mwingine umenyooshwa kule, na Dereva akazunguka nyuma ya pikapu ili asipite karibu na mkono ule.

Chiriku alimfuata hadi mlango wa chumba chake. "Kaka, naomba unisikilize."

"Nimechoka."

"Sikukusudia. Wallahi, nilitaka kukuachia."

"Basi ungeniachia," alisema kwa upole, akafunga mlango.

Chiriku akaondoka wiki hiyo hiyo kwenda kujiunga na timu. Mama alimshonea ovaroli, ya kwanza kumshonea yeye na si kumpunguzia ya kaka yake. Alishona huku machozi yakidondokea kitambaa, akawa anayafuta na kuendelea. "Uchungu niliousikia kwa huyu ndio niliousikia kwa yule," alimwambia. "Mnataka nishangilie kwa jicho moja nilie kwa lingine. Sawa, nitafanya hivyo." Timu, bila shaka, ilimpa ovaroli zake, zenye nembo kila mahali. Ile ya mama aliiweka chini ya sanduku.

Kazi haikuwa rahisi. Alianza kwenye magari ya vijana, akagonga ukuta, akavunjika kidole, akaambiwa akaze au aende nyumbani. Alikaza. Akaanza kupata pointi, akasimama jukwaani. Kila baada ya mbio alipiga simu kwa kaka yake. Mwanzoni iliita hadi ikakata. Baadaye sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haitumiki.

Habari za nyumbani alizipata kwa mama. Dereva alikuwa ameuza helmeti, glavu na kila kitu chenye harufu ya mbio. Vikombe vilishushwa kutoka juu ya friji. Mama hakujua vilipelekwa wapi. Kijana alikaa ndani msimu mzima wa mvua, akala akiambiwa ale, akalala akiambiwa alale. Halafu asubuhi moja akanyoa, akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha mikate, wakampa gari la kusambaza. Watu mtaani waliendelea kumwita Dereva, wasijue wanamchoma wapi.

Fundi alikuwa akifanya kazi, basi. Mteja akimwambia, "Mzee, hongera, tumemwona binti kwenye runinga," alijibu asante na kuingia chini ya gari.

Siku Chiriku aliposhinda kwa mara ya kwanza mbio za wakubwa, mbio ambazo mshahara wake sasa ulitegemea, alimwagiwa maji, akabebwa juu juu, akapiga simu nyumbani akiwa bado amelowa. Mama alipiga kelele za furaha. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi, sahani, watoto, muziki.

"Mna wageni, Mama?"

Mlango ukasikika ukifungwa, sauti zikapungua. "Kaka yako ameoa, mwanangu. Leo."

"Leo?"

"Nilitaka kukwambia. Alisema usisumbuliwe, una mbio."

Chiriku akasema sawa. Akasema ampe hongera, na bibi harusi pia. Watu wa timu waliokuja kumchukua kwa picha walimkuta amekaa juu ya tairi, kombe miguuni, akilia, wakamwambia lia tu, wote hulia siku ya kwanza.

Msimu ulipokwisha akaenda nyumbani. Alianzia gereji. Fundi alitoka chini ya lori, mikono imejaa grisi, akampa kiwiko amsalimie, na Chiriku akakishika kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa amezeeka. Ndevu zilikuwa nyeupe hadi kwenye masikio.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Gari lako linakwendaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Chiriku akamweleza kwamba nyuma linateleza kwenye kona ndefu, hasa tairi zikishachoka. Fundi akasikiliza kichwa upande, akauliza maswali, akasema waitazame springi ya kushoto. Akazungumza naye kwa adabu na kwa makini, kwa sauti ile ile anayotumia kwa mtu aliyeleta gari bovu. Mteja alipoingia, akamwomba radhi na kwenda. Chiriku alibaki amesimama kati ya injini zilizofunguliwa, akatambua kwamba ameshahudumiwa.

Mchana alikwenda kiwanda cha mikate. Uwanja wa nyuma ulikuwa na joto la tanuri hata nje. Dereva alikuwa akipakia kreti kwa mzunguko wa pili, mgongo umegeuka. Chiriku alikitambua kile kisogo kabla ya kitu kingine chochote.

"Kaka."

Aligeuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso umetulia. Akaweka kreti chini, akapangusa mikono kwenye aproni.

"Umefika lini?"

"Leo. Wifi hajambo?"

"Hajambo. Ana mimba."

"Mama hakuniambia."

"Nilimwomba asiseme mapema."

Mwenzake mmoja alichungulia, akamtambua Chiriku, akafungua mdomo. Dereva akamtazama tu, na yule akarudi ndani.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema Chiriku. "Nilikupa neno langu."

"Ulinipa." Dereva aliegemea mlango wa gari. "Nikwambie kitu. Nilijua una kasi kuliko mimi tangu enzi za gokati. Nilikuwa nasikia ile injini yako mbovu nyuma yangu, na najua tairi zako ni zangu za mwaka jana, na huachwi. Baba hakujua. Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikuomba. Ningekuwa naweza kukushinda mwenyewe, nisingekuomba uniachie."

"Ningeachia. Nilitaka. Mguu..."

"Ungeachia ningejua. Ningekaa kwenye kiti kile kila siku najua ni chako." Alishusha pumzi. "Sina kinyongo, Chiriku. Nilikusamehe zamani, labda hata siku ile ile."

Chiriku akasogea hatua, akanyoosha mkono. "Basi njoo uone mbio. Njoo na wifi. Nitawatumia tiketi. Au niruhusu nije kwako jioni, nile, mimi nakula sana, unanijua..."

Dereva alikuwa akitikisa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kukusamehe nimeweza," alisema. "Kukutazama ndio siwezi. Nimejaribu. Mama akiwasha runinga naondoka, narudi, nachungulia, naondoka tena. Nikikuona namwona mtu niliyekuwa nadhani ni mimi. Sasa hivi nina kazi, nina mke, mtoto anakuja. Nimejikusanya kidogo kidogo. Ukikaa karibu nitamwagika tena."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mdogo wangu. Ningejua ningekwambia."

Chiriku aliinama, akainua ile kreti iliyobaki chini, ilikuwa na joto na nzito kuliko alivyodhani, akamkabidhi. Dereva akaipokea, akaisukuma ndani, akafunga milango ya nyuma na kuivuta kuhakikisha imeshika.

"Hospitali wanasubiri mikate," alisema. Akasita, akamgusa begani kwa ncha za vidole, mara moja, kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepoa. "Endesha vizuri."

Akapanda. Gari likarudi nyuma bila kusitasita kati ya malori mawili yaliyoachiana nafasi finyu, likanyooka kuelekea lango. Pale langoni akawasha taa ya kugeukia, akasubiri njia iwe wazi, akaingia barabarani taratibu kama mtu mwingine yeyote, na Chiriku akabaki kwenye harufu ya mikate mpaka mlinzi alipomuuliza anamsubiri nani.